Tisa fupi ya tantine

Nianze na ukweli: hii stori inanichoma mimi mwenyewe. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nilikuwa nakata hapa, naongeza pale, ili nitoke mzuri. Leo naiandika yote, na nikiiandika yote natoka mjinga. Basi, sawa. Angalau ni mjinga mwenye matundu yaleyale niliyozaliwa nayo.

Tulikuwa na saluni Greyville, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Nikisema tulikuwa nayo, nina maana tantine alikuwa nayo. Tantine ni dada mdogo wa baba yangu. Alifika Durban kabla yetu sisi wote, akahangaika mpaka akapata karatasi za kukaa moja kwa moja, akafungua chumba chenye viti vinne: vitatu vya kusuka, kimoja cha kunyoa. Cha kunyoa kilikuwa changu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, shule yangu iliishia darasa la sita kule Uvira, na kitu pekee nilichosomea mpaka nikamaliza ni mdomo.

Nikikosa kichwa cha kunyoa, nilikuwa namsaidia tantine. Mteja akiwa na haraka, kwetu anasukwa na watu wawili. Mmoja anasuka, mwingine anasimama nyuma ya bega lake la kushoto na kugawa meshi, zile nywele za pakiti. Msukaji hageuki. Ananyoosha mkono nyuma, juu ya bega, unamwekea meshi mkononi. Kitana kikinasa, anakirudisha hivyohivyo bila kuangalia, unakipokea, unakitoa uchafu, unampa tena. Miaka minne mimi ndiye niliyesimama nyuma ya bega lile. Tulikuwa hatuongei kwenye kazi hiyo. Mikono ilikuwa inajuana yenyewe.

Wezi walikuja mara mbili. Mara ya kwanza saa tisa mchana, wawili, wamevaa vizuri, mmoja akauliza kusuka mtoto ni bei gani. Walichukua simu zote na mkoba wa tantine. Wiki sita zilipopita walirudi walewale, na safari hii hawakuuliza bei. Yule mrefu alimpiga tantine na kitako cha bastola juu ya sikio, halafu akamwambia taratibu, kama mtu anayeagiza chai, kwamba anajua anakaa ghorofa ya ngapi na kwamba watamtembelea. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, nywele za mteja zimeniingia mdomoni. Siku ile sikufanya mzaha.

Baada ya hapo, kengele ya mlango ikilia tu, mikono ya tantine ilikuwa inasimama ndani ya kichwa cha mteja. Inasimama na kubana. Mama mmoja Mzulu aliyekuwa anasukwa kwetu kila mwezi alimwambia, "Mama, ukiendelea kunivuta hivi nitalala macho wazi." Tantine akaomba msamaha. Kengele ikalia tena, ni mtu wa kuuza soksi, na mikono ikasimama tena. Yule mama alilipa na hakurudi mwezi uliofuata.

Ndipo tantine akaamua kununua bastola, ya sheria, yenye karatasi. Kanisani kwetu walishangaa, maana yeye ndiye alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama. Mchungaji alipomuuliza, alimjibu, "Sitaki kuua mtu, Mchungaji. Nataka kengele ikilia niendelee kusuka."

Kwa karatasi zake aliruhusiwa kuomba leseni ya silaha. Mimi, na ile karatasi yangu ya kuomba hifadhi iliyokunjwa mpaka inakatika kwenye mikunjo, nisingeruhusiwa hata manati. Alisoma kitabu cha sheria za silaha kati ya mteja na mteja, akafanya mtihani wa kuandika, akafaulu. Zilibaki kazi mbili. Ya kwanza, apige shabaha mbele ya mwalimu, mwalimu asaini kwamba huyu mama anaweza. Ya pili, achague bastola na kaliba yake, unene na urefu wa risasi inazokula, viandikwe kwenye fomu ya polisi. Na pale hakuna mchezo. Ukiandika hii, ni hii. Ukijuta unarudi mwanzo wa foleni, na foleni ile ilikuwa ya miezi na miezi. Tantine hakuwa na miezi ya kupoteza. Yule mrefu alishasema anajua ghorofa.

Sasa, kaliba gani? Aliniuliza mimi.

Unajua watu wa hapa wakisikia umetoka Kongo mashariki, wanadhani ulinyonya huku umeshika bunduki. Mimi sikuwahi kukataa. Mteja akikaa kwenye kiti changu akaniuliza, "Kule kwenu uliona vita?" nilikuwa nanyamaza kidogo, naangalia mbali, napuliza wembe, halafu nasema, "Niliona na nilifanya." Kisha inafuata stori ya mtoni, au ya komanda wangu. Bei ya kunyoa ilikuwa ileile lakini walikuwa wanaacha na ya soda. Ukweli ni kwamba bunduki nilizijua kwa masikio tu, nikiwa chini ya kitanda cha bibi, mkono wa bibi umenifunga mdomo. Stori hiyo hailetei mtu soda.

Elimu yangu ya kaliba nilipewa na maprofesa wawili: simu yangu, yenye video za Wamarekani wanene wanaopiga matikiti, na Mrundi mmoja mlinzi wa maegesho ya ng'ambo ya barabara, aliyekuwa analinda magari arobaini kwa rungu moja.

"Petit," yaani mdogo, tantine akaniita. Ilikuwa Jumanne, yuko katikati ya kichwa, mlinzi Mrundi amekaa kwenye kiti changu anasubiri kunyolewa. "Dukani wameniambia iko mbili mbili, iko thelathini na nane, iko tisa. Mimi nachukua gani?"

"Mbili mbili ni ya panya," nikasema. "Tena panya mgonjwa. Thelathini na nane ni ile yenye tumbo la kuzunguka, ya polisi wa zamani. Ina risasi tano. Zikiisha unawatupia kiatu."

"Na tisa?"

"Tisa ziko mbili, tantine. Iko tisa ndefu na tisa fupi. Risasi ni nene sawasawa, ila ganda la ile fupi ni fupi, baruti yake ni kidogo."

Mpaka hapo nilikuwa sawa. Ndiyo ubaya wa mjinga, hakosei yote.

"Wewe unachukua fupi," nikaendelea. "Baruti kidogo, haikupigi mkono. Na bastola zake ni ndogo kama simu, unaifunga ndani ya kitenge na mtu haoni kitu. Ndogo ni laini. Nywele za mtoto unazisuka na meshi nene? Hapana. Basi."

Mlinzi akaniangalia kwenye kioo. "Na wewe ulipiga ngapi, za hiyo tisa fupi?"

"Mzee, kule tulikuwa hatuhesabu."

Saluni nzima ikacheka. Tantine hakucheka. Alifuta mikono, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kalenda ya ukutani: tisa fupi. Aliniamini, na niliona ameniamini, na nilijisikia mkubwa.

Kitu ambacho sikukifikiria hata dakika moja ni vidole vyake. Miaka thelathini ya kusuka ilikuwa imevila, hasa gumba. Asubuhi alikuwa anavitia kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kichwa cha kwanza. Chupa ya mafuta ya nywele ikiwa mpya, mimi ndiye nilikuwa naifungua. Nilikuwa naifungua kila wiki, halafu nasema ndogo ni laini.

Duka lilikuwa upande wa Isipingo, kwenye majengo ya viwanda, na nyuma yake kulikuwa na chumba cha kupigia shabaha. Tantine alichagua bastola ndogo nyeusi ya tisa fupi, wakamwekea pembeni. Ilikuwa tayari kuandikwa kwenye fomu. Lakini mwalimu wa shabaha alikataa. Alikuwa Mhindi wa huku Durban, mwembamba, amestaafu upolisi, na alikuwa na sauti ndogo kiasi kwamba watu walikuwa wanainama wakimsikiliza.

"Wengi wanaandika kwanza, wanapiga baadaye," alisema. "Kwangu ni kinyume. Jumamosi utapiga na bastola kama hii. Nikiona unaiweza, nasaini siku hiyohiyo."

Jumamosi tulifika mapema. Tantine alivaa nguo za kanisani, na kitenge cha pili kiunoni kama kawaida yake. Mlangoni walitaka vitambulisho. Chake kilipita. Karatasi yangu, dada wa mapokezi aliishika kwenye ncha, akampa mwalimu, mwalimu akaisoma mbele na nyuma.

"Wewe ndiye nani?"

"Mshauri wake," nikasema, na nikatoa kifua.

Alinitazama kidogo. "Mshauri, utasimama nyuma yake, nyuma ya mstari wa njano. Hutagusa kitu. Ukigusa kitu naandika ripoti, na ripoti yangu inaenda polisi pamoja na fomu ya mama huyu. Unanielewa? Fomu yake itafia hapo."

"Sharp," nikasema, kama vijana wa Durban wanavyosema sawa.

"Usiniambie sharp. Niambie umeelewa."

"Nimeelewa."

Karatasi yangu akaiweka kwenye mfuko wa shati lake. Niliiona inaingia mpaka ncha ya mwisho.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, cha baridi, kinanuka viberiti vilivyoungua. Tulivalishwa vizuia sauti vya masikio, na dunia ikaenda mbali. Kwenye nafasi ya pembeni mtu mmoja alikuwa anapiga bastola kubwa. Alipopiga ya kwanza, miguu yangu ilikatika. Sikuiamuru, ilikatika yenyewe. Mwili ulikuwa unatafuta kitanda cha bibi. Nikajikuta nimechuchumaa. Mwalimu akageuka kuniangalia, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa sandali.

Nilisimama. Tantine hakuona, alikuwa anaangalia mbele, kwenye karatasi ya shabaha yenye umbo la mtu. Mgongo wake ulikuwa umenyooka sana. Niliujua mgongo huo. Ndivyo ulivyokuwa siku ya pili ya wezi, kabla hajapigwa.

Mwalimu aliweka risasi kwenye magazini, magazini kwenye bastola, akamwonyesha: unashika kile chuma cha juu, unakivuta nyuma mpaka mwisho, unakiachia. Hapo umekoki. Tantine akajaribu. Alikishika kwa gumba na kidole cha pili, vile unavyoshika mwanzo wa suka. Hakikusogea. Akajaribu tena. Niliona shingo yake inatetemeka.

"Vuta tu, tantine," nikapaza sauti kutoka nyuma, maana mshauri lazima ashauri. "Ni laini hiyo."

Akavuta mara ya tatu. Kikaja nusu ya kucha, kikarudi.

Mwalimu akainama sikioni kwake, sikusikia alichosema. Akaichukua, akaikoki mwenyewe, akamrudishia. Sasa kilichobaki ni kupiga. Tantine akainua mikono. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zangu. Halafu ikalia.

Ile bastola ndogo iliruka mkononi mwake kama panzi. Niliona damu kidogo kati ya gumba na kiganja, pale chuma kiliporudi kikamng'ata. Na haikujifunga. Ganda la risasi iliyokwisha kutoka lilikuwa limenasa juu, limesimama kwenye mdomo wa kile chuma kama jino la kitana lililovunjika.

Mwalimu wakati huo alikuwa amegeukia ubao wake upande wa kulia, anaandika. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili.

Tantine aliiangalia ile kitu iliyonasa. Hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, juu ya bega la kushoto.

Na mimi nikaipokea.

Naomba mnielewe. Sikuamua. Ukiniuliza nilivukaje mstari wa njano, sijui. Mkono ulikuja juu ya bega, na mkono wangu ukaenda, kama mara elfu kumi zilizopita. Nilishika mdomo wa bastola kwa kiganja chote, kama ninavyoshika kitana upande wa meno, na nikavuta kwangu. Ilikuwa ya moto. Nilipoivuta, lile ganda lililonasa likadondoka, na kile chuma kikarudi mbele chenyewe. Klak.

Niliisikia ile klak kwenye mifupa ya vidole kuliko masikioni. Nilikuwa sijui bunduki, lakini hata mimi nilijua sauti hiyo ina maana gani. Risasi mpya ilikuwa imeingia nyumbani. Tundu lilikuwa linaangalia kifua changu, kifungo cha pili cha shati. Na kidole cha tantine kilikuwa bado ndani ya kile kipete cha triga.

Nilitaka kuachia, nikaogopa kuachia. Nilitaka kusema, na mara ya kwanza tangu nizaliwe mdomo wangu haukuwa na kitu. Yeye alikuwa anasubiri kitana kirudi. Kikachelewa. Akavuta kidogo, kama anavyovuta nikichelewa saluni, kuniambia harakisha.

"Mama," mwalimu akasema. Hakupiga kelele. "Mama, kidole."

Hakumsikia, masikio yalikuwa yamezibwa. Akaanza kugeuka kuona mimi nimelala au vipi, na kadiri alivyogeuka, tundu lilikuwa linapanda kutoka kifungo cha pili kwenda cha kwanza, kwenda shingoni. Halafu akaona. Macho yake yalienda kwenye bastola, yakaja kwangu, yakarudi kwenye bastola. Alikuwa karibu kuitupa. Ingekuwa mbaya kuliko yote.

Mkono wa mwalimu ukaja kutoka juu, ngumi nzima, ukashika bastola pamoja na mikono yetu miwili, ukatuzungusha wote kuelekea mbele, mpaka tundu likaangalia ukuta wa mchanga. Kwa mkono mwingine akagusa kifundo cha mkono wa tantine, taratibu sana, akakinyoosha kile kidole kama unavyonyoosha kidole cha mtoto aliyelala. Kikatoka. Akatoa magazini. Akavuta chuma, na risasi nzima ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingirika mpaka kwenye sandali yangu.

Tisa fupi. Nilikuwa sijawahi kuiona karibu. Ilikuwa ndogo kweli, kama ncha ya kidole changu kidogo, na ilikuwa haijaguswa.

Yule bwana wa pembeni alikuwa ameacha kupiga, anatuangalia. Mwalimu akatuonyesha mlango.

Alitukalisha kwenye ofisi ndogo, akafunga mlango, akaweka fomu ya tantine mezani, na juu yake karatasi nyingine tupu yenye mistari. Ripoti. Akafungua kalamu. Tantine alikuwa ameshika mkono wake unaotoka damu kwa kona ya kitenge na hakuwa analia, lakini alikuwa anaangalia ile fomu tu.

"Nani alichagua hii bastola?" mwalimu akauliza.

Nilijua tantine hatasema. Angekaa pale mpaka jioni asiseme, maana mimi ni mtoto wa kaka yake. Nikamwona kichwani mwangu yule mrefu akipanda ngazi za kwetu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwambia ndogo ni laini. Sijawahi kupiga bunduki. Sijawahi hata kuishika, mpaka leo, na leo nimeishika vibaya. Yeye hana kosa. Alinipa kama ananipa kitana, na mimi nikapokea kama kitana."

Tantine akageuza kichwa polepole. "Hujawahi?"

"Hapana, tantine."

"Na vita? Na ile ya mtoni? Na yule komanda?"

"Zilikuwa stori."

"Hata komanda?"

"Hata komanda."

Aliniangalia muda mrefu. Nimeshafukuzwa, nimeshatukanwa, nimeshalala nje ya ofisi ya karatasi nikisubiri foleni, lakini sijawahi kuangaliwa hivyo.

Mwalimu alikuwa bado ameshika kalamu juu ya ile karatasi tupu. Akauliza, "Kitana gani?" Nikamweleza: meshi, bega la kushoto, mteja mwenye haraka. Nikamwonyesha na mikono. Alisikiliza bila kucheka. Halafu akaifunga kalamu.

"Mama, nionyeshe mikono yako."

Tantine akaiweka mezani, kama mtu anayepakwa rangi ya kucha. Mwalimu akabonyeza gumba la kulia kidogo tu, tantine akafumba macho.

"Mshauri wako alikosa hivi," mwalimu akasema, na akaongea na yeye, si na mimi. "Hizi ndogo za tisa fupi, nyingi hazina kitu cha kukifunga kile chuma cha juu risasi inapotoka. Kinazuiwa na springi peke yake, kwa hiyo springi inawekwa ngumu. Tena bastola nyepesi inaruka zaidi mkononi, hata kama baruti ni kidogo. Hii uliyochagua ni ndogo kwa kubeba. Kwa vidole hivi ndiyo ngumu kuliko zote."

Akatoka, akarudi na bastola mbili tupu, akatuonyesha moja moja kwamba ni tupu, mara mbili kila moja. Ya kwanza ilikuwa ile ya kuzunguka, ya thelathini na nane. Haina kuvuta chuma, ila triga yake ilikuwa ngumu, na kidole cha tantine kilifika nusu kikaanza kucheza. Akaiweka chini. Ya pili ilikuwa ya tisa ndefu, si kubwa sana, labda kidole kimoja kuzidi ile ndogo, na nene kidogo mkononi.

"Hii itanivunja," tantine akasema.

"Jaribu kwanza. Lakini usibane kwa vidole. Sahau vidole. Weka kiganja chote juu, bana kiwiko kwenye mbavu, na usivute chuma nyuma. Sukuma bastola mbele."

Tantine akaweka kiganja juu, akabana kiwiko, akasukuma kama mtu anayekamua shuka iliyolowa. Chuma kikaenda mpaka mwisho. Akakiachia, kikarudi. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya tano nikaona mabega yake yameshuka.

"Jumamosi ijayo," mwalimu akasema. "Ripoti siandiki, kwa sababu na mimi niligeuka, na sikupaswa kugeuka. Lakini nikisaini jina langu kwamba unaweza, ni lazima uweze. Usipoweza sisaini, na usiniombe." Akatoa karatasi yangu kwenye mfuko wa shati, akanipa. "Na huyu hataingia."

Wiki ile nilinyoa kimya. Wateja waliniuliza kama nina malaria. Tantine aliniongelesha mambo ya kazi tu: leta meshi, fagia pale, funga dirisha. Akikosa mteja alikuwa anasimama kwenye kona, kiwiko kwenye mbavu, anasukuma hewa. Jumatano mchana yule mrefu alipita dirishani. Hakuingia. Alisimama, akaangalia ndani kama mtu anayesoma bei, akaenda. Mikono ya tantine ikabana, na mteja akasema, "Aii."

Jumamosi nilimsindikiza mpaka kwenye mlango wa chuma, nikakaa nje kwenye ukingo wa barabara, kwenye jua. Kupitia ukutani milio ilikuwa inasikika midogo, kama mtu anayegonga bati na kijiti. Sikuweza kujua ipi ni yake. Halafu wengine wakanyamaza, ukabaki mmoja, wa taratibu. Mmoja. Kimya. Mmoja. Nikawa nahesabu. Nilifika tisa, kikaja kimya kirefu. Nikasimama. Kimya kikaendelea. Nikawaza imenasa. Nikawaza amenyoosha mkono nyuma na nyuma hakuna mtu. Niliushika mlango wa chuma na nikaukumbuka ule mstari wa njano, nikauachia, nikakaa tena juu ya mikono yangu mwenyewe.

Wa kumi ukalia. Halafu wa kumi na moja, na mingine, mpaka ikaisha.

Alitoka baada ya nusu saa. Kitenge kilikuwa kimepinda, ameshika gumba la kulia ndani ya ngumi ya kushoto. Akaja akakaa pembeni yangu kwenye ukingo ule, na nguo zake za kanisani.

"Amesaini?"

"Amesaini. Tisa ndefu. Kwenye fomu nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu." Akanyoosha miguu barabarani. "Katikati ilinasa. Nikakumbuka hakuna mtu nyuma, nikaitoa mwenyewe."

"Bado umenikasirikia?"

Lori moja likapita, akakung'uta vumbi lake kwenye kitenge.

"Petit, nisikilize," akasema. "Wale watu walinipiga kichwani, na kesho yake nilirudi nikasuka. Siku ile nilipogeuka nikaona ile kitu inaangalia shingo yako, na aliyeishika ni mimi, nilikuwa tayari natafuta maneno ya kumwambia baba yako kwenye simu. Sikuyapata hata moja. Mwizi hajawahi kuniogopesha hivyo."